Kiatu kipya hakianzi na safari ndefu

Leo naomba nianze kwa kukiri jambo ambalo nyumbani kwangu limekuwa kichekesho kwa miezi kadhaa. Mimi, mzee wa kanisa, baba wa watoto wanne, mtu niliyezoea kukimbia barabara za Dodoma kwa miaka kumi na moja sasa, nilimaliza mbio za kilomita 21 nikiwa nimevaa kandambili za kuazima. Na kandambili zenyewe hazikuwa pea moja. Ya kushoto ilikuwa ya bluu, ya kulia nyekundu.

Ilikuwa hivi. Kwa miaka mingi nilikimbia na raba za mitumba nilizonunua soko la Sabasaba. Zilikuwa zimetoboka kwenye kidole gumba, na mke wangu alikwisha kutishia kuzitupa mara tatu. Mwaka huu kijana wetu mkubwa alipopata kazi Dar es Salaam, mshahara wake wa kwanza aliugawa vizuri: sadaka, kitenge cha mama yake, na raba mpya za baba. Raba zenyewe zilikuwa za kijani inayowaka, soli nene kama mkate. Nilipozivaa nikajiona nimerefuka.

Sasa wewe unayeishi hapa unajua vumbi letu. Unajua na mbigili zetu, zinavyopenda kitu laini. Nikasema moyoni, zawadi ya mtoto haiwezi kuchafuliwa mazoezini. Nikazirudisha kwenye boksi, boksi nikaliweka juu ya kabati. Mazoezi nikaendelea na zile zilizotoboka. Jioni nilikuwa nazishusha, navaa, natembea juu ya mkeka chumbani, hatua sita kwenda na sita kurudi, kisha nazifuta na kuzirudisha. Nilizibeba kwa uangalifu kama Walawi na sanduku la agano. Nilipanga zitoke rasmi siku ya mbio zenyewe.

Siku ikafika. Tulianzia Uwanja wa Jamhuri alfajiri, hewa ya Dodoma ikiwa bado ya baridi, tukashika barabara ya Iringa. Kilomita tatu za kwanza nilikuwa kama naruka. Soli inakusukuma, watu pembeni wanashangilia, mtoto mmoja akapiga kelele, "Mzee viatu!" Nikavimba kichwa. Nikampita mchungaji wangu na kumpungia mkono kwa namna ambayo nimekwisha kuitubia.

Kilomita ya sita kisigino cha kulia kikaanza kuwaka. Ya nane, cha kushoto kikajibu. Tulipogeuza kurudi mjini, mashavu ya miguu nayo yakakaza, kwa sababu soli nene inabadilisha namna mguu unavyotua chini, na misuli yangu ilikuwa haijaambiwa habari hizo. Mchungaji akanifikia, raba zake kuukuu zikigonga lami polepole bila haraka. Akaniuliza, "Mzee, uko salama?" Nikamjibu, "Bwana asifiwe!" Hilo halikuwa jibu la swali lake, ila sisi waumini tunajua jinsi neno hilo linavyoweza kufunika mambo.

Kilomita ya kumi na mbili nikakaa chini ya mwarobaini kando ya barabara. Nikavua. Malengelenge mawili, moja kila kisigino, moja limekwisha kupasuka na soksi imeshika damu. Kama hujawahi kuyapata, nikueleze yanavyokuja. Kiatu kipya kina ukingo mgumu nyuma. Mguu ukitoka jasho ngozi inalainika. Kiatu kinavuta huku, mfupa unavuta kule, na ngozi iliyo katikati inaachana tabaka kwa tabaka, maji yanajaa pale palipoachana. Kiatu hakina kosa, na mguu hauna kosa. Kosa ni kwamba wamekutanishwa leo na leo hiyo hiyo wametakiwa waende mbali.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kijana anatengeneza pikipiki. Akaacha kazi, akavuka na dumu la maji. "Shikamoo mzee." Nikaitika, marahaba. Akaitazama miguu yangu, akazitazama raba, akacheka. Alikuwa na haki ya kucheka. Kisha akachuchumaa, akanimwagia maji kwenye vidonda taratibu, akaenda kuniletea kandambili mbili alizozipata pale gereji. Akasema, "Mzee, kiatu kipya hukianzi na safari ndefu. Ungekivaa kwanza nyumbani, kikuzoee."

Nikacheka. Halafu nikanyamaza, kwa sababu nilimtambua. Kijana huyo nitamrudia. Kwanza nikuulize jambo: unadhani ni sisi wa mitaani tu tunaoadhibiwa na viatu?

Mwaka 2015, tarehe 27 Septemba, Mkenya Eliud Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin akiwa na viatu vya aina mpya. Mbio hazijafika mbali, zile soli za ndani, wayo laini unaokaa chini ya unyayo, zikaanza kuchomoka. Zikatokeza nyuma ya visigino, zikawa zinapiga huku na huku kama masikio ya mbuzi. Ukiitazama picha utacheka, lakini yeye hakusimama. Alimaliza miguu ikiwa na malengelenge, akawa wa kwanza kwa saa 2 na dakika 4, muda bora kuliko wowote aliokuwa ameupata katika marathoni hadi siku hiyo.

Utasema, basi mzee na wewe ungevumilia. Subiri kidogo. Kipchoge alikwisha kuwa bingwa wa dunia wa mita 5000 mwaka 2003. Siku kiatu kilipomkataa Berlin, nyuma yake kulikuwa na miaka kumi na miwili ya kuamka alfajiri. Kiatu kilikuwa kigeni, safari haikuwa ngeni. Mimi nilikuwa na kiatu kigeni na kiburi.

Na yuko mwingine aliyefanya tofauti, na heshima yake haikupungua. Mwethiopia Abebe Bikila alifika Roma mwaka 1960 kwa Olimpiki, na viatu alivyopata kule havikumkaa vizuri. Akaviacha. Alikuwa amezoea kufanya mazoezi pekupeku, akakimbia pekupeku kilomita 42 na zaidi usiku ule katika mitaa ya Roma, akachukua dhahabu. Miaka minne baadaye, Tokyo, alikimbia na viatu na soksi, akashinda tena. Kwa hiyo Bikila hakuwa adui wa viatu. Alikataa tu kukimbilia kitu ambacho mguu wake haujakijua.

Msomaji wa Biblia umekwisha kuona ninakoelekea. Fungua 1 Samweli 17. Daudi anajitolea kupigana na Goliathi, na mfalme Sauli anamvika mavazi yake ya vita: kofia ya shaba, deraya, upanga. Nia ya Sauli ni njema. Vifaa ni vizuri kuliko vyote vilivyomo kambini. Daudi anajaribu kutembea, anashindwa, na anasema wazi kwamba hawezi kwenda na vitu ambavyo hajavizoea. Anavivua mbele ya mfalme. Anashuka kijitoni, anaokota mawe matano, anachukua kombeo alilolitumia miaka yote machungani, mahali ambapo simba na dubu walikwisha kumjaribu bila mtu wa kumshangilia.

Tumezoea kuihubiri habari hiyo upande wa Daudi. Leo nataka tuisome upande wa Sauli, kwa sababu kanisani kwetu mara nyingi sisi ndio Sauli. Tunampenda kijana, tunafurahi kwa ajili yake, tunamvika kitu kizito asichokizoea na kumwambia, nenda. Tofauti ni kwamba vijana wengi hawana ujasiri wa Daudi wa kutuambia, "Wazee, hiki bado sijakizoea."

Sasa nimrudie fundi wa pikipiki.

Miaka mitano iliyopita kijana huyo aliokoka katika mkutano wa jioni, viwanjani. Tulimjua wote, pombe ilikuwa imemshika, na mtaa mzima ulikuwa unamtania. Alipokuja mbele akilia, kwaya iliimba hadi sauti zikakauka. Ilikuwa furaha ya kweli, na mbinguni naamini ilikuwa furaha ya kweli. Tatizo lilianza Jumapili iliyofuata. Tulimpa kipaza sauti atoe ushuhuda. Wiki iliyofuata mtaa wa jirani wakamwomba, tukampeleka. Wiki ya tatu tukampeleka kwingine. Alikuwa anajua kueleza, watu wanacheka, watu wanalia, sadaka inaongezeka. Kabla ya miezi miwili kwisha tukamchagua kiongozi wa vijana. Jina lake nililipendekeza mimi.

Katika miezi hiyo yote hakuna aliyekwenda kwake jioni kukaa naye. Hatukujua kwamba alikuwa na madeni ya baa, na wadai wanamfuata gerejini. Hatukujua kwamba mke wake alikuwa bado hajaamini kama mabadiliko yale ni ya kweli, na kila Jumamosi anayotoka kwenda kushuhudia ilikuwa ugomvi. Hatukumfundisha mtu afanye nini saa kumi na mbili jioni, saa ambayo miguu yake kwa miaka minane ilikuwa inajua njia moja tu. Tulimvalisha viatu vipya na kumwambia, kilomita 21, na tabasamu kwa ajili ya picha.

Mwezi wa tano akaonekana baa. Jumapili hiyo hiyo tukamsimamisha mbele ya usharika, tukamwondoa kwenye uongozi. Wazee tuliulizwa tunaafiki, tukanyoosha mikono. Mkono wangu ulikuwemo. Alitoka kwa mlango wa pembeni na hajarudi tena. Na sisi tukasema maneno tunayoyasema siku zote: mbegu iliangukia penye miamba.

Ndugu msomaji, nimekaa chini ya ule mwarobaini na visigino vinavyotoka damu, nikatambua kwamba huenda mbegu haikuwa na kosa. Lilikuwa lengelenge. Lilitokea pale ambapo upya wa imani ulikutana na maisha ya zamani, mahali ambapo linatokea kwa kila mtu, na sisi badala ya kumkalisha kivulini tulimtoa kwenye mbio.

Mtume Paulo aliliona hili mapema. Katika 1 Timotheo 3 anakataza mtu aliyeongoka karibuni kupewa uangalizi wa kanisa, na sababu anayoitoa ni huruma kwa mtu mwenyewe: asije akajaa kiburi akaanguka. Mistari michache mbele anaagiza mashemasi wajaribiwe kwanza. Na Paulo alikuwa anajua anachosema. Katika Wagalatia 1 anaeleza kwamba baada ya kuitwa alikwenda Arabia, akarudi Dameski, na ilipita miaka mitatu ndipo akapanda Yerusalemu kuonana na Petro. Miaka mitatu! Na huyo ni mtu aliyekutana na Bwana njiani kwa nuru ya mchana. Sisi fundi wetu tulimpa wiki moja.

Najua utanijibu nini. Utaniambia, mzee, mbona yule mwanamke Msamaria aliwaita watu wa mji siku ile ile? Mbona yule mtu wa makaburini aliambiwa na Yesu aende akashuhudie? Ni kweli, na simzuii mtu kusema alilotendewa. Lakini isome vizuri Marko 5. Yule mtu aliomba kupanda chomboni na kufuatana na Yesu, na Bwana hakumruhusu. Alimtuma nyumbani kwake, kwa watu wa kwao. Aliagizwa aanze pale wanapomjua, ambapo mke na jirani wataona kama ni kweli. Jukwaa halikutajwa. Sisi tunafanya kinyume: tunamtoa mtu nyumbani tunampandisha jukwaani, kisha tunashangaa nyumba imeanguka.

Wakimbiaji wazoefu wana desturi zao kuhusu kiatu kipya. Unakivaa kwanza nyumbani. Unakwenda nacho sokoni. Unakimbia kilomita mbili, kesho unarudia cha zamani, keshokutwa mbili tena, kisha nne. Unaacha nafasi mbele ya kidole gumba, kwa sababu mguu huvimba ukikimbia. Na siku ya mbio hujaribu kitu ambacho hujakijaribu mazoezini. Nilizijua desturi hizi zote. Nimewahi hata kumfundisha mtu. Kujua hakukunizuia kuziweka raba juu ya kabati.

Hebu tuzipeleke kanisani. Mtu akiokoka, mwache mwaka mmoja akae, asikilize, aulize maswali ya kijinga bila kuchekwa. Mpe kazi ndogo isiyo na kipaza sauti: kupanga viti, kutembelea mgonjwa pamoja na mwenzake. Mpe mtu mmoja wa kutembea naye, kama Barnaba alivyomchukua Sauli wa Tarso siku ambayo wanafunzi wote walimwogopa. Mtu huyo afike kwake jioni. Ajue madeni. Amsalimie mke. Awepo saa kumi na mbili. Na lengelenge likitokea, maana litatokea, tusikimbilie kumtoa mtu mbele ya watu kabla hatujamwosha mguu.

Hivyo hivyo kwa wanandoa wapya ambao mwezi wa pili tunawauliza mbona hakuna habari. Hivyo hivyo kwa mchungaji aliyehamishiwa kwenu juzi, ambaye mmekwisha kumpima kwa yule aliyeondoka. Anatembea na visigino vibichi, na ninyi mnamhesabia kasi.

Tusidhani kwamba kumwacha mtu akomae ni kumpotezea muda. Mtazame jirani yetu wa hapa uwanda wa kati, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida. Mwaka 2016 alikuwa wa tano katika marathoni ya Olimpiki ya Rio. Mwaka 2017 akapata shaba ya dunia London. Wengi walitaka dhahabu kesho yake. Ilikuja Septemba 2025, Tokyo, miaka minane baada ya shaba, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ikabidi picha ya mstari wa mwisho itazamwe, tofauti ikiwa sehemu tatu tu kati ya mia za sekunde moja. Kwa tofauti ndogo hivyo, niambie ni asubuhi ipi ya miaka ile minane ungethubutu kuiita iliyopotea.

Lipo pia neno kwa wewe ambaye si mpya. Huenda hujapata lengelenge lolote la imani kwa miaka mingi, na unalihesabu kama baraka. Chungulia juu ya kabati. Biblia ikiwa safi kila ukurasa, na msamaha ukiwa bado kwenye boksi lake kwa sababu hujakubali kuuvaa mbele ya yule ndugu yako, huna vidonda kwa sababu hujatoka chumbani. Raba zangu nazo zilikuwa safi kabisa juu ya mkeka.

Jumatatu baada ya mbio nilichechemea hadi gerejini kurudisha kandambili. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Nilipofika nikasahau yote, nikasema tu, "Kijana wangu, siku ile na mimi nilinyoosha mkono. Nisamehe." Aliendelea kufunga nati. Akakaa kimya muda mrefu hata nikadhani hakusikia. Kisha akaniuliza, "Mzee, hizo kandambili umeziosha?" Nikamwambia mke wangu ameziosha. Akasema, "Basi kaa hapo kwenye gogo, namalizia hii."

Nimekaa kwenye gogo hilo mara nne sasa. Sijamwambia arudi kanisani; ninaogopa nisije nikamvalisha tena kitu kabla ya wakati. Ila Jumamosi iliyopita aliniomba tukimbie wote, akiwa na raba zake za mitumba. Tulikwenda kilomita mbili tu. Zile za kijani nilizivaa. Zimekwisha kuwa rangi ya vumbi, mbigili tatu zimekwama kwenye soli, na ukingo wa nyuma umelainika. Zimeanza kuwa zangu.

Leo ukitoka ibadani, kabla hujakimbilia nyumbani kula, tazama benchi lenu. Nani hapo imani yake bado mpya? Usimwombe ushuhuda. Muulize anakaa mtaa gani, na jioni upite.

Bwana aliyewaongoza Israeli jangwani miaka arobaini, miguu yao isivimbe, alinde hatua zako wiki hii. Jumapili njema.